Ushauri: tumepewa viashiria 34 vya mazingira na ustawi wa kijiji, tubakize vipi?

Mkandaa17 (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Hii ni kamati ya mazingira ya kijiji cha pwani, wilaya ya Kilwa. Kaya ni kama 420. Watu wanategemea pweza, dagaa na minazi, na walioko juu kidogo wanalima mihogo na ufuta. Mikoko iko upande wa kusini. Visima vya kuteka kwa ndoo ni tisa, na kimoja cha pampu ya mkono.

Tumeletewa orodha ya viashiria 34, kuanzia "ubora wa hewa" hadi "furaha ya wanajamii". Wapimaji tulionao ni sita, wote wa kujitolea. Vifaa: mizani ya kuning'iniza, kamba ya mita 50, simu mbili zenye GPS, na fedha ya kununua kifaa kimoja tu. Mkutano mkuu wa kijiji unataka kuambiwa kila mwaka kama bahari, mikoko na maji vinapona au vinaharibika, na kama maisha ya watu yanafuata. Tubakize vipi na tupime namna gani? Naomba hatua, nadharia tunayo ya kutosha.

---

KalamuNyekundu

Mleta mada, kabla ya mizani shika kalamu. Kwa kila kiashiria andika jibu la swali hili: namba ikiwa mbaya, nani atafanya nini tofauti, na je, ana mamlaka hayo? Kama nafasi inabaki wazi, futa.

Ubora wa hewa: hakuna kiwanda wala barabara kuu hapo, na hata mkiupima hakuna kikao kitakachoamua lolote. Moshi wa jikoni ni jambo jingine, na huo mtaujua kwa kuuliza kaya inapikia nini na wapi. Furaha: futa bila huruma.

Kisha tenganisha kazi na matokeo. "Miche iliyopandwa", "doria zilizofanyika", "semina zilizotolewa" ni kazi. Zinaingia kwenye taarifa ya kamati, lakini hazisemi kama mazingira yamepona. Mnaweza kupanda miche 10,000 ikafa yote na kiashiria chenu bado kikang'aa. Badala ya doria, hesabuni makosa yaliyokamatwa na mangapi kati yake yaliishia kwa faini iliyolipwa au mahakamani. Hapo ndipo mtaona kama sheria ndogo zina meno.

Umoja wa Mataifa una malengo 17 ya maendeleo endelevu na viashiria zaidi ya 230, ila una ofisi za takwimu za nchi nzima. Watu sita wa kujitolea wanamudu saba, nane kwa kujikaza.

---

Bamvua

Nakuja kwenye pweza, maana ndipo wengi wanapojidanganya.

Kilo zote zilizoshuka dikoni, pale wavuvi wanapotia nanga, si kiashiria cha afya ya mwamba. Mfano: mwaka huu wavuvi 10 wanaleta kilo 60, yaani kilo 6 kila mmoja. Mwakani wavuvi 30 wanaleta kilo 120. Jumla imeongezeka mara mbili na mkutano utapiga makofi, kumbe kila mtu amerudi na kilo 4. Mnachohitaji ni kilo kwa mvuvi kwa saa. Bila idadi ya wavuvi na saa walizokaa majini, namba ya kilo tupeni.

Namna ya kupima:

Pimeni siku za bamvua tu, maji yanapojaa na kupwa sana, tatu za mwezi mpevu na tatu za mwezi mwandamo. Siku za maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, mwamba hautoki vizuri, kwa hiyo kilo hushuka bila pweza kupungua. Mkichanganya siku hizo mtakuwa mnapima mwezi, si bahari. Pepo za kusi na kaskazi nazo zina tofauti zake, hivyo Agosti linganisha na Agosti, kamwe si na Januari.

Tenganisheni daftari la akina mama wanaotembea mwambani na la wazamiaji. Wazamiaji wanafika kwenye kina ambako pweza wakubwa bado wapo. Ukiwachanganya, uharibifu wa mwamba wa juu unafichwa na mavuno ya chini. Kwa sababu hiyo hiyo andikeni jina la mwamba waliokwenda. Kilo zikibaki zile zile huku watu wakisogea mbali kila mwaka, mambo yameharibika na namba haijasema.

Pimeni pweza mmoja mmoja. Kisheria Tanzania hairuhusu pweza chini ya gramu 500, kwa hiyo asilimia ya walio chini ya hapo ni kiashiria chenye sheria nyuma yake tayari. Chukueni kila mvuvi wa tatu anayefika na mpime pweza wake wote. Msimwachie achague, atawatoa wakubwa. Andikeni pia kama ametolewa matumbo au la, maana uzito unabadilika.

Mkifunga mwamba kwa miezi mitatu, siku ya kufungua isiingie kwenye wastani. Siku hiyo hushuka mzigo mkubwa na wageni hujaa. Iandikeni peke yake, halafu tazameni bamvua la pili na la tatu baada ya hapo. Kama kilo zimerudi zilipokuwa kabla ya kufunga, mlichovuna ni akiba ya miezi mitatu, basi.

---

Mlilana

Mikoko. Orodha yenu bila shaka ina "hekta za mikoko" kwa picha za setilaiti. Ibakizeni kwa kuangalia mara moja kila miaka miwili mitatu, lakini msiitegemee. Picha za bure za setilaiti ya Sentinel-2 zina pikseli ya mita 10, yaani nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10. Miti ya boriti hukatwa mmoja mmoja, na matawi ya jirani huziba pengo. Kutoka juu msitu ni kijani, ukiingia ndani umebaki mikoko iliyopinda ambayo hakuna fundi anayeitaka.

Wekeni viwanja vya kudumu vya mita 10 kwa 10. Chagueni mistari mitatu inayoanzia ukingo wa mkondo kwenda nchi kavu, na kila mstari viwanja vitatu: karibu na maji, katikati, na mwisho wa mikoko. Jumla tisa. Lazima mstari ukate kanda zote, maana kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana unakaa mbele, mkoko na msinzi katikati, mkandaa na mchu nyuma, na wakataji hawapendi yote sawa. Kona za kiwanja zipigieni vigingi na chukueni GPS, lakini GPS ya simu hukosea mita kadhaa chini ya miti, kwa hiyo tafuteni na alama ya kuonekana.

Ndani ya kiwanja hesabuni:

– Miti hai kwa aina, na kipenyo kwenye urefu wa sentimita 130. Kwa mkoko wenye mizizi ya kuning'inia, pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, la sivyo kila mpimaji atapima mahali pake.

– Visiki. Kila kisiki mlichohesabu kipakeni rangi. Mwakani mnahesabu visivyo na rangi tu. Bila rangi mtahesabu kisiki kimoja miaka mitano na kusema ukataji unaendelea.

– Miche iliyoota yenyewe, kwa makundi matatu: chini ya sentimita 40, 40 hadi 150, na 150 hadi 300. Kundi la kwanza peke yake linadanganya. Baada ya mbegu kudondoka huwa imejaa, kisha inakufa. Kundi la kati ndilo linaloonyesha msitu unarudi.

Kuhusu kupanda: kama mnapanda, kiashiria ni asilimia iliyo hai baada ya miezi 12 na 24. Na sababu kubwa ya vifo inajulikana. Watu wanachomeka mbegu za mkoko kwenye tope tupu mbele ya mlilana kwa kuwa hapo hapana kitu na ni rahisi kupanda. Hapo maji hukaa muda mrefu mno, mawimbi yanang'oa, na miche inavamiwa na viumbe wa baharini wenye gamba gumu wanaojishikiza kwenye shina (barnacles). Kama mikoko haijawahi kuota mahali, muulizeni mzee yeyote sababu kabla ya kumwita mgeni rasmi.

---

NdooNaKamba

Ile fedha ya kifaa kimoja inunulieni mita ya EC, inayopima maji yanavyopitisha umeme; yakiwa na chumvi nyingi hupitisha zaidi. Kwa visima vya pwani, chumvi ndiyo habari kuu.

Msinunue mita inayoonyesha TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka) peke yake. TDS ya mita hizi haipimwi, inakokotolewa: EC inazidishwa kwa namba ya kiwandani, mara 0.5, mara 0.7. Mita ya kwanza ikiharibika mkanunua ya kampuni nyingine, kisima kitaonekana kimebadilika chumvi usiku mmoja. Andikeni EC, kwa mikrosimensi kwa sentimita, na mita iwe inajirekebisha kwa nyuzi 25 za joto. Nunueni na kimiminika cha kurekebishia cha mikrosimensi 1413. Kila siku ya kupima anza nacho. Mita ikisoma mbali na hapo, irekebishe kwanza. Usirudishe kimiminika kilichotumika kwenye chupa.

Mara mbili kwa mwaka inatosha: mwisho wa kiangazi kabla mvua hazijaanza, na mara mvua zikiisha. Pimeni alfajiri kabla ya watu kuteka, kwani kisima kilichotekwa sana huvuta maji ya chumvi kutoka chini. Visima vilivyo karibu na ufuo hupanda na kushuka na maji ya bahari, kwa hiyo andikeni saa na kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Kwa kamba yenye uzito pimeni pia kina cha maji kutoka mdomoni. Namba mbili, kina na EC, zisomwe pamoja. Maji yakizidi kwenda chini kutoka mdomoni na EC ikapanda mwaka hadi mwaka, mnateka zaidi ya mvua inavyorudisha.

Vijidudu: vichupa vya H2S, vinavyonasa gesi ya salfaidi inayotolewa na vijidudu vya kinyesi, ni rahisi, vinageuka vyeusi ndani ya saa 24 hadi 48 kama maji yamechafuliwa. Ila kwa visima vilivyo karibu na mikoko kuna mtego. Maji yenye salfaidi ya asili kutoka kwenye tope yanaweza kugeuza kichupa hata pasipo kinyesi. Kikigeuka papo hapo, au kisima kinanuka yai bovu, matokeo hayo msiyatangaze. Ombeni RUWASA (wakala wa maji vijijini) wapime E. koli, kijidudu cha kinyesi, maabara. Kiwango cha maji ya kunywa ni sifuri kwa mililita 100.

---

Mkandaa17

Shukrani sana wakuu, tayari nimefuta 19. Swali: kwa afya ya watu tulifikiria kuchukua wagonjwa wa kuhara kwenye vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) vya zahanati. Na kwa ustawi orodha inasema "kipato cha kaya" na "alama ya ulaji". Mnaonaje?

---

KalamuNyekundu

MTUHA ichukueni, lakini kama taa ya tahadhari. Dawa zikiisha zahanati watu hawaji, na wagonjwa "wanapungua". Akiletwa mganga mzuri "wanaongezeka". Andikeni pembeni miezi ambayo dawa zilikosekana.

Kipato achaneni nacho. Mvuvi hakumbuki alichopata bamvua lililopita, na anayekumbuka hakwambii.

---

KayaYaSaba

Napinga kidogo hapo kwa kipato. Kukiacha chote mtakosa kujua nani anaumia mwamba ukifungwa. Ulizeni mali na makazi: paa la bati au makuti, chombo au nyavu za kwake, mtoto aliyeacha shule mwaka huu. Hayo yanaonekana kwa macho.

Alama ya ulaji ya WFP (Shirika la Mpango wa Chakula Duniani) huhesabu siku katika 7 ambazo kaya ilikula kila kundi la chakula, na kwa kijiji cha wavuvi haitofautishi watu. Fanya hesabu: nafaka na mizizi uzito 2, kwa siku 7 ni 14. Samaki uzito 4, kwa siku 7 ni 28. Kaya inayokula ugali na dagaa kila siku ina 42 kabla ya kuhesabu mboga, na mpaka wa "inaridhisha" wa kawaida ni kuzidi 35. Karibu kijiji kizima kitafaulu, mwaka mzuri na mbaya.

Tumieni maswali matano ya namna watu wanavyohimili njaa. Siku ngapi katika 7 zilizopita kaya ilikula chakula isichokipenda (uzito 1), ilikopa chakula au kuomba msaada (2), ilipunguza kiasi (1), watu wazima walijinyima ili watoto wale (3), ilipunguza milo (1). Zidisha na jumlisha. Alama kubwa ndiyo mbaya. Ulizeni mwezi ule ule kila mwaka, na usiwe mwezi wa Ramadhani, maana kupungua kwa milo hapo si njaa.

Sampuli: kaya 420, chukueni kila ya saba kwenye rejista ya kitongoji kwa kitongoji, mkianza na namba ya kura kati ya 1 na 7. Mtapata 60. Kwa idadi hiyo asilimia yoyote inayocheza karibu na 50 ina kosa la kama 12 juu au chini. Mkitoka 50 mkafika 57, msisimame mkutanoni kusema imepanda. Kurudia kaya zile zile kila mwaka kunawasaidia kuona mabadiliko madogo zaidi.

---

Mkandaa17

Nimeelewa. La mwisho: daftari lishikwe na nani? Kwa sasa kila mpimaji ana lake.

---

Bamvua

Daftari moja la jalada gumu kwa kila kiashiria, likae ofisi ya kijiji, na mpimaji apige picha ya ukurasa siku hiyo hiyo na kuutuma kwa mwenyekiti wa kamati na afisa uvuvi wa kata. Ukurasa wa kwanza uandikwe namna ya kupima, neno kwa neno, maana wapimaji watabadilika. Na mtu anayenunua pweza asiwe ndiye anayewapima, hata kama mizani ni yake.

---

Mlilana

Na mikoko wapime wawili wasiotoka kitongoji kimoja. Kisiki kibichi huwa hakionwi na shemeji wa aliyekikata.