Naomba ushauri: namna ya kuwaonyesha wanafunzi filamu ya Come Back, Africa

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimepewa jukumu la kuandaa onyesho la filamu kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, nami nimechagua Come Back, Africa ya Mmarekani Lionel Rogosin, iliyotoka mwaka 1959 baada ya kupigwa kwa siri mjini Johannesburg, wakati serikali ya makaburu ikiendelea kuibomoa Sophiatown, mtaa wa Waafrika mjini humo.

Kinachonitatiza ni namna ya kuitambulisha. Kisa cha Zachariah, anayetoka kijijini Uzulu kutafuta kazi na kubanwa na sheria za pasi, zilizowalazimu Waafrika kubeba vibali vya kuwapo mjini, kimetungwa. Lakini wanaokiigiza ni watu wa kawaida, na mitaa, umati na wachimbaji wa dhahabu tunaowaona ni wa kweli. Je, niwaeleze hayo mapema, au watazame kwanza ndipo tujadili kipi kilitungwa na kipi kilinaswa na kamera? Nachelea kwamba wakisikia neno maigizo wataipuuza, ilhali kwangu ni ushahidi mzito.

Lipo pia suala la lugha. Katika kilabu cha pombe, waandishi Lewis Nkosi, Can Themba na Bloke Modisane wanajadiliana kwa maneno yao wenyewe, kisha Miriam Makeba, angali kijana, anaingia na kuimba. Kuweka sauti ya mkalimani juu ya sehemu hiyo naona ni kuiharibu, ila bila tafsiri baadhi ya wanafunzi wataachwa nyuma. Aliyewahi kuonyesha filamu ya namna hii darasani alifanyaje?