Bwana Herufi leo amemwekea babangu KISTARI

MwanaMkomani (mwenye uzi):

Asalaam aleikum. Sijala tangu alasiri. Chai imepoa hapa mbele yangu na mahamri nimewapa paka. Hasira ninayo ya saa mbili tu, bado mbichi, kwa hivyo mnisome hivyo hivyo.

Mnamjua. Simtaji, na hata ningetaka kulitaja jina lake zima bando langu lingeisha njiani. Yule wa kibao. Kile kibao cha jina lake na herufi za vyeti vyake, kinachoanza mlangoni pake, kikapita dirishani, kikakata kona, na herufi ya mwisho iko kwenye ukuta wa jirani, na jirani maskini hana habari kwamba na yeye sasa ni msomi. Punda wakipita pale na mizigo ya mawe husimama. Watu hudhani wamechoka. Hawajachoka, wanasoma, na hawajamaliza.

Leo tulikuwa na kikao cha nyumba ya marehemu nyanya. Walio Amu, yaani Lamu, wanajua kikao cha nyumba ya urithi: warithi kumi na tisa, chumba kimoja chembamba kama boriti zilivyotaka, na kila mtu ana rai. Ukuta wa nyuma umevimba, plasta yadondoka vipande vipande. Wajomba wakasema mara hii tulete mtaalamu. Akaletwa. Na babangu akaitwa pia, kwa sababu ukuta ule mara ya mwisho kupakwa chokaa aliupaka yeye, ukakaa zaidi ya miaka ishirini bila neno, mpaka alipokuja mtu (na huyo simtaji) akaupaka sementi.

Basi bwana akatoa karatasi ya mahudhurio. Jina, simu, saini, na kiguzo cha mwisho: "Sifa za kitaaluma". Cha familia hicho! Kikao cha familia! Jina lake mwenyewe likala mistari miwili, saini ikabidi aiweke pembeni. Karatasi ikazunguka ikamfikia babangu. Miwani aliiacha nyumbani, kwa hivyo bwana akasema, lete mzee nikuandikie.

"Jina, mzee?"

Baba akataja lake, la babake, la babu yake.

"Na baada ya jina kuna nini?"

Baba hakufahamu swali. Akajibu kwa adabu zake zote: "Baada ya jina langu kuna la babangu, nishakwambia."

Bwana akacheka. Si kicheko cha watu, kile cha puani. "Namaanisha herufi, mzee. Vyeti."

Baba akanyamaza. Na yule bwana, mbele ya warithi kumi na tisa na watoto waliokuwa wakichungulia dakani, akaweka KISTARI.

Kistari, jamani. Mbele ya jina la babangu. Kama mtu anavyopiga mstari kwenye deni lisilolipika.

Babangu ana kucha mbili za mkono wa kulia ambazo tangu nizaliwe sijaziona zikiwa na rangi ya kucha. Ni nyeupe, chokaa imeingia ndani na haitoki hata kwa sabuni ya kufulia. Leo kabla ya kikao kuanza aliugonga ukuta ule kwa kifundo cha kidole, huku na huku, sikio karibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Akasema neno moja tu: jiwe la matumbawe hunywa unyevu na huutoa, chokaa huuachia njia, sementi huufungia ndani, ndipo chumvi hutoka na plasta huvimba. Basi. Akakaa.

Na bwana AKALIANDIKA. Nilimwona kwa macho yangu, nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Neno la mzee likaingia kwenye daftari lake zima zima, mpaka ile chumvi. Dakika tano baadaye mwenye neno akapata kistari.

Sisemi kusoma ni vibaya. Mdogo wangu yuko chuo na ada natuma mimi. Weka herufi zako kwenye mhuri wa ramani, kwenye ripoti, mlangoni pa ofisi yako. Lakini uzilete sebuleni kwa nyanya? Umuulize nazo mtu aliyeanza kazi kabla hujazaliwa? Mimi nasema zipigwe marufuku nje ya ofisi. Zote. Na nikumbuke tena: kilikuwa kirefu. Sentimita mbili kamili. Aliikaza kalamu mpaka upande wa pili wa karatasi ukatoka alama.

BintiLangoni:
Pole sana ndugu yangu. Huyu ndiye aliyenitumia salamu za Idi kwa simu. Idi Mubarak mstari mmoja, jina na herufi zake mistari minne. Nikajua nimeandikiwa barua ya kudaiwa.

Nahodha_Mstaafu:
Mwanangu, pole, lakini kistari si tusi. Mimi kwenye fomu moja niliandikiwa "hana kazi" nami nilikuwa nimetoka baharini siku hiyo hiyo, nguo zina chumvi. Nikatia saini nikaenda zangu.

MwanaMkomani:
Kwa heshima zako ami, hukuwepo ukakiona.

KakaMtupu:
Samahani, mahamri ukawapa paka? Uzi wote mimi nimekwama hapo. Yalikuwa na nazi au hayakuwa nayo?

MuuguziMalindi:
Naomba nisipigwe mawe. Mimi ni KRCHN, yaani muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa, na herufi zile siziandiki kumtambia mzee wa mtu. Zinamwambia mama anayekuja kujifungua kwamba nimesajiliwa na Baraza la Wauguzi na akitilia shaka kuna mahali pa kuuliza. Hapa Malindi kila aliyevaa koti jeupe ni "daktari". Mwezi uliopita nililetewa mtoto wa miezi minane amepewa kipimo cha dawa cha mtu mzima. Aliyempa hana herufi hata moja. Nikamwuliza mama, alikuwa nani? Akasema, "Daktari tu." Wa wapi? Hajui. Jina? Hajui. Mwenye herufi ukimshtaki unajua wa kumshtakia. Huyu wa koti nitampeleka wapi? Mtoto amepona, alhamdulillahi, lakini mkono wangu ulitetemeka nikimtafuta mshipa.

MwanaMkomani:
Dada, hilo nimekubali. Wanaotibu wagonjwa wawe nazo. Lakini babangu hakuwa mgonjwa.

Mtu_wa_Sheria_Kidogo:
Mnampigania vibaya. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 yasema anayejiita Mhandisi lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, la sivyo ni kosa. Kwa hivyo mkimwona tena msihesabu herufi, mwambieni atoe nambari ya usajili. Mtu anaweza kuwa na herufi kumi na mbili na zote zikawa za kuhudhuria semina. Na mwenye moja tu akawa ndiye anayeruhusiwa kutia mhuri.

KakaMtupu:
Wewe mwenyewe una herufi gani?

Mtu_wa_Sheria_Kidogo:
LLB, digrii ya sheria. Na kabla hamjauliza, L ni mbili kwa sababu ni Kilatini na neno lenyewe liko kwenye wingi, sheria nyingi.

KakaMtupu:
Kwa hivyo L moja umeongezewa bure. Ndiyo maana mashauri hayaishi.

MamaBiriani:
Afadhali za nyuma! Siku hizi zimehamia mbele. CPA Fulani (mhasibu), QS Fulani (mkadiriaji majenzi), Arch. Fulani (msanifu majengo), kama vile mama zao waliwapa hayo majina siku ya aqiqa. Harusi ya mpwa wangu mshereheshaji alisoma majina ya meza kuu na herufi zake zote, za mbele na za nyuma, na wengine wana nishani za OGW na HSC walizopewa na Rais, nazo zikasomwa. Masufuria sita ya biriani nilikuwa nimeyafunika na makaa juu. Alipomaliza kusoma wali umeshikana, vyazi vimekuwa uji. Watu wakasema Mama Biriani leo ameharibu. MIMI nimeharibu!

BintiLangoni:
Nilikuwepo. Vyazi kweli vilikuwa uji.

MamaBiriani:
Na ulikula sahani mbili.

Mpwani_Ughaibuni:
Huku Uingereza ni kinyume. Daktari wa upasuaji akishafaulu mitihani ya chuo chao cha upasuaji huacha "Dr" akarudi kuwa "Mr". Anasoma zaidi ili aitwe bwana. Nilipolazwa nilimdharau aliyekuja kwa jina la Mr, nikasema niitieni daktari. Kumbe ndiye aliyekuwa juu ya wote.

Mzee_wa_Mkeka:
Na sisi wenyewe tusijitie usafi. Andika kadi ya mwaliko umsahau mtu "Sharifu" au "Alhaji" wake uone kama atakuja. Akija atakaa nyuma makusudi ili aulizwe kwa nini amekaa nyuma. Watu wa mtaa wenu wa Mkomani ndio wa kwanza.

MwanaMkomani:
Mkomani imeingiaje hapa? Aliyemwekea babangu kistari si wa Mkomani wala wa mtaa wa Langoni.

BintiLangoni:
Langoni sisi twaitana kwa majina tu.

Mzee_wa_Mkeka:
Langoni mnaitana kwa madeni.

NyumbaShela:
Mwenye uzi, samahani kwa kukatiza. Mzee ana nafasi mwezi ujao? Ukuta wangu umevimba hivyo hivyo, upande wa bahari, na wa sementi wananiambia niongeze sementi.

Punda_Sio_Lori:
Mkisema mawe na chokaa, mimi nina la kwangu. Punda anabebeshwa mifuko minne kwenye vichochoro na kijana anamchapa mpaka mlangoni. Jana mmoja alilala chini pale karibu na ngome, watu wakapiga picha badala ya kumfungua mzigo. Kaeni na herufi zenu.

Nahodha_Mstaafu:
Hilo la punda ni kweli. Na mashua? Juzi nimevuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, watu wamejaa hadi ukingoni, maboya ya kuvaa yamefungwa kamba moja chini ya magunia ya viazi. Nikamwambia kijana yafungue. Akaniambia mzee, ni ya ukaguzi.

MamaBiriani:
Ni ya ukaguzi!! Ya Rabi.

MuuguziMalindi:
Nami niliambiwa hivyo hivyo nilipokuja kwenye Maulidi. Nikaketi juu ya magunia safari nzima, mkono wangu kwenye ile kamba.

MwanaMkomani:
Jamani, hayo ya mashua ni makubwa, lakini baba amerudi kutoka msikitini sasa hivi, ameketi barazani, na hajasema neno tangu saa ile. Anaiangalia mikono yake. Kistari kile nimekwenda kukiomba karatasi yake nikichane, wameniambia bwana ameondoka nayo, iende kwenye ripoti.

KakaMtupu:
Tafuteni nahodha mwenye vyeti.

Nahodha_Mstaafu:
Mwenye vyeti atakuzamisha kwa Kiingereza. Mtafute anayeujua mkondo wa pale kwenye mlango wa bahari maji yakitoka.

Punda_Sio_Lori:
Nani ana nambari ya mwenye mashua? Niko Mokowe, giza limeingia, nina mbuzi wawili na sijui kama kuna inayovuka tena.

BintiLangoni:
Mbuzi wa kike au beberu? Beberu hawamchukui.

Punda_Sio_Lori:
Mmoja mmoja.