MJADALA: Nani asahihishe mtihani wa programu za kuchanganua sentensi za Kiigbo?

Mleta mada
Wakuu, wiki nzima nabishana na mwenzangu kuhusu programu zinazochanganua sentensi za Kiigbo, lugha ya Nigeria: kiima kipi, kitenzi kipi, yambwa ipi, kama tulivyokuwa tukichora matawi shuleni. Yeye anasema chukua sentensi zilizochanganuliwa na watu kwa mfumo wa Universal Dependencies (unaounganisha maneno kwa mishale, kila mshale ukiwa na jina la uhusiano, kama kiima au yambwa), linganisha, toa asilimia, kazi imeisha. Mimi asilimia hiyo peke yake hainishawishi.

Chukueni sentensi fupi kabisa: *Ọ gbara ọsọ*, yaani "alikimbia". *Ọsọ* ni mbio. *Gba* yenyewe haishikiki maana: *gba egwu* ni kucheza ngoma, *gba bọọlụ* kucheza mpira. Je, *ọsọ* ni yambwa, au ni kipande cha kitenzi? Mtunga majibu akisema kipande, programu ikasema yambwa, imekosa neno moja kati ya matatu: asilimia 67. Ukihesabu mishale tu bila majina ya uhusiano, inapata 100. Na tawi ni lile lile! Sisi wa "piga pasi", "piga simu" na "piga kelele" tunaujua mgogoro huu.

Mchangiaji 1
Mkuu, tukisubiri wanaisimu wakubaliane tutazeeka. MasakhaPOS ya 2023, ule mkusanyo wa sentensi ambazo kila neno limewekewa aina yake, iliziweka lugha 20 za Afrika, Kiigbo na Kiswahili zikiwemo, kwenye aina zile zile 17 za maneno, na kazi ikaenda. Chagua jina moja la uhusiano, liandike kwenye mwongozo, songa mbele. Programu ikiwa haiyumbi, siku mkibadili mawazo mtabadilisha jina hilo kote kwa amri moja.

Mleta mada
Hapo kwenye mwongozo umenipata. Ila ile ni kuainisha maneno, matawi ni habari nyingine. Na hujagusa toni. *Ọ́ bịara*, toni ya juu, ni "alikuja". Ishushe, *Ọ̀ bịara*, limekuwa swali. *Nwoke bịara* inaweza kuwa "mwanamume alikuja" au "mwanamume aliyekuja", na kinachotenganisha ni toni, ambayo kwenye maandishi ya kila siku haiwekwi. Hata vile vinukta vya chini vya tahajia ya Ọnwụ ya 1961, *ị, ọ, ụ*, kwenye simu wengi huviruka.

Mchangiaji 2
Basi ipeni programu sentensi zile zile mara mbili, zikiwa na toni na zikiwa hazina. Alama zikiporomoka mara ya pili, mtaona inabahatisha wapi. Majibu nayo yaandaliwe na Waigbo wawili, kila mtu kivyake, tuone kwanza wao wenyewe wanapishana kiasi gani. Na jamani, isiwe Biblia tupu kwa kuwa ndiyo rahisi kuipata. Nani anaandika meseji kama Mambo ya Walawi?

Mleta mada
😂 Ya mara mbili nimeichukua. Sasa *nwoke bịara* bila toni, maksi anapewa nani?

Mchangiaji 2
Wote wawili.

Mchangiaji 1
Hapana, huo ni mtihani wa kumfurahisha kila mtu. Usiikate sentensi. Iache ndani ya aya yake. Kitenzi kikuu kikitokea mbele, utajua ni "aliyekuja". Programu isiyofika huko ikose.