Mchezo wetu wa daladala: aliyetangulia hashikiki, na kipindi ni dakika 50

MwanaseminaDSM
Wakuu, habari za jioni. Semina ya usanifu wa michezo inatudai kazi mbili: mchezo wa mezani unaochezeka, na uchambuzi wa kurasa nne wa mchezo wa jadi (tumechagua bao la Kiswahili). Mchezo wetu uko hivi: wachezaji 5, kila mmoja tajiri wa daladala. Ubao una vituo 24, Mbagala hadi Tegeta kupitia Kariakoo. Unarusha dadu mbili, unasogea, unapakia. Kila gari huingiza 5 kwa mzunguko, gari jipya ni 20. Dadu zikitoka pacha, trafiki anafunga barabara na wote wanakosa mapato ya mzunguko huo. Wa kwanza kufikisha 200 ameshinda.

Tatizo: anayewahi gari la pili hashikiki tena, wengine wanaanza kuchezea simu, na mchezo unavuka saa mbili nzima. Tukate wapi?

Kete64
Namba zenu zinajieleza. Gari moja linazaa bei ya la pili kwa mizunguko 4, lakini mawili yanazaa la tatu kwa mizunguko 2 tu. Aliyechelewa mwanzoni hapitwi kwa shilingi kumi, anapitwa kwa gari zima, na pengo linapanuka lenyewe. Bahati ya dadu haiwezi kufidia hapo.

Msikimbilie kadi za kumnyang'anya anayeongoza. Kila kundi huanza na hizo, kisha wachezaji wanajifunza kukaa nyuma makusudi hadi mzunguko wa mwisho. Banieni kwenye gharama. Gari la kwanza lilipe gereji 1 kila mzunguko, la pili 3, la tatu 5. Mapato halisi yanakuwa 4 kwa gari moja, 6 kwa mawili, na 6 hivyohivyo kwa matatu. Bei ya gari shusheni iwe 12, ushindi uwe kwa mwenye fedha nyingi mwishoni mwa mzunguko wa 12.

Sasa angalieni linalotokea. Gari la pili linaongeza 2 kwa mzunguko. Ukilinunua mwisho wa mzunguko wa 3, mizunguko 9 iliyobaki inakurudishia 18. Ukingoja hadi mwisho wa mzunguko wa 6, inarudi 12 tu, umetoka sare. Baada ya hapo ni hasara. La tatu halikuletei faida yoyote. Wekeni kanuni kwamba magari mawili hayapaki kituo kimoja, na mtu atalinunua ili kumzuia mwenzake. Huo ndio uamuzi, na uamuzi ndio unaomfanya mtu aweke simu chini.

Muda nao usisimamiwe na mtu mwenye saa. Tengenezeni kadi 60 za abiria, kila mchezaji afunue moja kwa zamu yake. Watano mara mizunguko 12, kadi zimekwisha, mchezo umekwisha. Zamu ya sekunde 40 inawapa dakika 40 kamili, zinabaki kumi za kueleza kanuni. Bao linafanya hivyohivyo: kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na kunamua (hatua ya kwanza, ya kuingiza kete za mkononi ubaoni) kunakoma zikiisha za mkononi. Hakuna anayehesabu raundi.

Mchafukoge_Dadu
Kete64 kamaliza uchumi, lakini pacha hajaigusa. Kwa mtu mmoja uwezekano wa pacha ni 6 kati ya 36. Kwa watu watano katika mzunguko mmoja, uwezekano wa kutokea angalau mara moja ni asilimia 60 hivi. Yaani zaidi ya nusu ya mizunguko yenu haina mapato! Hapo ndipo saa mbili zilipokwenda. Trafiki amkamate aliyerusha peke yake.

Na dadu mbili kwenye kusogea zinawatupa wengi hatua 7 (njia 6 kati ya 36), wakati 2 na 12 zina njia moja moja. Mimi ningeacha mchezaji achague hatua 1 hadi 4, dadu moja ibaki kwa idadi ya abiria.

Kijiweni
Swali kabla hamjarekebisha: mnataka kusema nini? Elizabeth Magie wa Marekani alipopata hataza ya mchezo wake wa wenye ardhi mwaka 1904, kumwacha mmoja azidi kutajirika huku wengine wakifilisika ndiyo ilikuwa hoja yenyewe. Kama nanyi mnataka kuonyesha mwenye magari mengi anavyommeza mwenye moja, acheni pengo lipanuke ila mchezo uishe ndani ya dakika 25, kabla waliofilisika hawajachoka. Kurekebisha hoja ya mchezo kana kwamba ni kasoro ni kosa baya kuliko kasoro yenyewe.

Na dadu msiziondoe zote. Anayecheza mara ya kwanza anahitaji kitu cha kulaumu.

MwanaseminaDSM
Asanteni wakuu. Tunataka ushindani wa haki, kwa hiyo tunafuata gereji. Vipi kuhusu kadi na majaribio? Na uchambuzi wa bao mwalimu kaurudisha, kaandika "umenisimulia kanuni".

Kete64
Kadi: ukubwa wa milimita 63 kwa 88, tisa zinaenea kwenye A4 moja. Kwa 60 mnahitaji karatasi 7, zinabaki tatu za akiba. Karatasi ya kawaida inaonyesha maandishi kwa nyuma na watu wanaanza kukariri, kwa hiyo chapeni kwenye manila, au mbandike juu ya karata za zamani (pimeni kwanza, nyingine ni nyembamba). Andikeni namba kwa penseli. Msilaminishe hadi kanuni zitulie, maana juu ya plastiki hufuti wala huandiki. Kete ni vizibo vya soda. Vina uzito kuliko karatasi, na feni ya darasani haina huruma.

Majaribio: watu wasiowahi kuuona, wape kanuni zilizoandikwa, kisha nyamazeni kabisa. Kila wakikwama, andikeni sentensi iliyowakwamisha, msiwajibu. Badilisheni kitu kimoja tu kati ya jaribio na jaribio. Mkibadili bei na gereji pamoja hamtajua kipi kimefanya kazi.

Uchambuzi: chagueni kanuni moja, mfuate nyayo zake. Mfano nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji. Wakati wa kunamua, ukila na kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako yenye kete 6 au zaidi, unachagua kuishia hapo au kusafiri nazo, yaani kuzigawa kwenye mashimo yanayofuata. Kanuni hiyo inazaa tabia: mtu anailimbikiza, mpinzani anaiwinda. Na tabia inazaa hofu, kila zamu unajiuliza uivunje leo au usubiri iliwe. Kanuni kwa aya moja, tabia kwa kurasa mbili, hofu kwa kurasa zilizobaki. Mahali pa kuonea tabia ni barazani, kaeni pembeni ya wazee na daftari, muangalie nani anasafiri mapema na kwa nini.