Mjadala: Kiti cha ubunge ni cha mtu au cha chama? Tumpime Mrema

Mleta mada

Wakuu, kila mbunge akihama chama tunarudi kwenye ubishi uleule: wananchi walimchagua yeye au bendera? Safari hii tuweke rekodi ya mtu mmoja mezani tuipekue. Nachukua ya Augustine Lyatonga Mrema, kwa sababu jina hilo moja lilipita kwenye masanduku likiwa chini ya vyama tofauti, mara urais, mara ubunge.

Kwa wasioikumbuka: alikuwa mbunge wa CCM Moshi Vijijini, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani 1990, kisha Naibu Waziri Mkuu 1993, cheo ambacho hata kwenye Katiba hakikuwemo. Mwishoni mwa 1994 akahamishiwa Wizara ya Kazi. Februari 1995 akatolewa kwenye Baraza la Mawaziri baada ya kuipinga serikali yake mwenyewe bungeni kwa suala la mfanyabiashara Chavda na mashamba ya mkonge. Akaenda NCCR-Mageuzi, na miezi minane baadaye akagombea urais.

Urais 1995, NCCR: kura 1,808,616, asilimia 27.8.
Ubunge Temeke, uchaguzi mdogo 1996, NCCR: alishinda.
Urais 2000, TLP (Tanzania Labour Party): kura 637,077, asilimia 7.8.
Urais 2005, TLP: kura 84,901, asilimia 0.75.
Ubunge Vunjo 2010, TLP: alishinda.
Ubunge Vunjo 2015, TLP: alishindwa na James Mbatia wa NCCR.

Msimamo wangu: rekodi hii inaonyesha kura zilikuwa za chama. Alipoiacha NCCR 1999, baada ya ugomvi mrefu na Katibu Mkuu Mabere Marando, aliacha nyuma kura zaidi ya milioni moja. Kama zingekuwa zake, zingemfuata TLP. Kwa hiyo sheria ya kumvua ubunge anayehama iko sawa. Karibuni.

Wakala Mstaafu

Mleta mada, umechanganya mihogo na viazi. Tenganisha urais na ubunge kwanza.

1995 wagombea ubunge wa NCCR walipata asilimia 21.8 nchi nzima. Mrema kwenye urais akapata 27.8. Hiyo tofauti ya asilimia sita ni watu waliompigia Mrema halafu kwenye karatasi ya pili wakampigia mbunge wa chama kingine, au eneo lao halikuwa na mgombea wa NCCR. Hapo mtu alikuwa mkubwa kuliko chama.

Sasa njoo 2000. Wagombea ubunge wa TLP walipata asilimia 9.2, Mrema 7.8. Mwaka 2005 TLP ubunge 2.7, Mrema 0.75. Kibao kimegeuka: chama kimemzidi mwenyekiti wake. Lakini TLP ilikuwa chama gani bila Mrema? Kura hizo za ubunge zilikuwa za wagombea wenyewe majimboni, watu wanaojulikana kata kwa kata. Mpiga kura anamjua huyo, anampa ya ubunge, halafu ya urais anampelekea anayemwona ana nafasi. Mwaka 2000 CHADEMA ilimuunga mkono Lipumba wa CUF, na yeye ndiye aliyeshika nafasi ya pili kwa asilimia 16.3.

Ushahidi mzito kuliko yote ni Vunjo 2010. Siku ileile, kituo kilekile, bendera ileile ya TLP: mgombea urais wa chama alipata takribani asilimia 0.2 ya kura za nchi, na Mrema akachukua jimbo. TLP haikupata jimbo jingine popote. Niambie hapo chama kilileta nini zaidi ya fomu.

Mleta mada

Fomu si kitu kidogo mkuu.

Wakala Mstaafu

Nakubali, na tuseme wazi ni kitu gani. Kwa utaratibu uliotumika miaka hiyo, mgombea ubunge anajaza fomu namba 8B, anadhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 25 walioandikishwa jimboni humo, anaweka dhamana ya shilingi 50,000, na chama kinagonga muhuri wa kumpendekeza. Wadhamini 25 unawapata asubuhi moja sokoni. Dhamana ni bei ya mbuzi mdogo. Kikwazo halisi ni ule muhuri. Ukiukosa huna uchaguzi, hata kama jimbo zima linakutaka.

Kazi nyingine ya chama ni mawakala. Chukua jimbo la vituo 300. Unahitaji mawakala 300 walioapishwa mapema, wenye barua, posho na chakula. Vituo vinafungwa saa 10 jioni, kura zinahesabiwa hapohapo, msimamizi wa kituo anajaza fomu 21B ya ubunge, mawakala wanasaini na kupewa nakala, nyingine inabandikwa ukutani. Kisha majumuisho yanafanyika kwa msimamizi wa jimbo na mshindi anatangazwa kwa fomu 24B. Anayekosa nakala za 21B hata za vituo 40 hana cha kulinganisha na kinachosomwa kwenye majumuisho. Mara nyingi wakala hakununuliwa wala nini: hakupewa nauli, akaondoka saa 11 kabla karatasi hazijasainiwa.

Sasa zidisha kazi hiyo kwa nchi nzima na utaona kwa nini urais wa Mrema uliporomoka na ubunge wake ukasimama. Mtu mwenye jina anaweza kulijaza jimbo moja kwa ndugu, majirani na vijana wa bodaboda. Nchi nzima hawezi, hiyo inataka chama.

Ibara kwa Ibara

Tuweke sheria sawa, maana watu wanasema tu "sheria inasema".

Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, ubunge wake unakoma. Hayo mawili ni mlango na kufuli yake: ukiruhusu mgombea binafsi kwenye 67, kufuli la 71 linakosa mantiki kwake, kwa sababu hana chama cha kuacha.

Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hili miaka 20. Mahakama Kuu ilimpa haki 1994, Bunge likabadilisha Katiba mwaka huohuo kuzima hukumu. Akarudi, Mahakama Kuu ikampa tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapohapo Arusha, ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi kunavunja haki yake ya kushiriki uongozi wa nchi. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba iliruhusu mgombea huru. Ibara ya 67 imebaki ilivyo.

Mleta mada anaposema sheria iko sawa, ajibu kwanza hili: Mrema wa Vunjo 2010 alikuwa mgombea binafsi kwa kila kitu isipokuwa muhuri.

Jirani wa Kenya

Hamjambo ndugu zetu. Kwetu sheria hii ilizaliwa kwa kumlenga mtu. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alipotoka chama tawala KANU na wenzake kuunda chama cha KPU, Katiba ilibadilishwa harakaharaka ili waliohama warudi kwa wapiga kura. Viti 29 viligombaniwa, KPU ikaambulia 9. Miaka thelathini baadaye mwanawe Raila aliondoka FORD-Kenya, akajiuzulu, akagombea tena Lang'ata Machi 1997 kwa NDP, chama ambacho wengi walikuwa hawakijui, akashinda. Hiyo ni miezi michache tu baada ya Temeke yenu.

Katiba ya 2010 imebaki na adhabu ya kuhama, ila ikaongeza mlango: ibara ya 85 inaruhusu mgombea huru, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Anayeshindwa mchujo wa chama anapiga hesabu ya tarehe, ukichelewa umekwisha.

Hesabu za Viti

Mnaotaka mgombea huru mmesahau kitu kimoja, viti maalum.

Kura ya ubunge Tanzania inafanya kazi mbili. Kwanza inampa mtu jimbo. Pili inajumlishwa kitaifa, na chama kilichofikisha asilimia 5 ya kura halali za ubunge kinagawiwa viti maalum vya wanawake. 1995 NCCR ilishinda majimbo 16, ikamaliza na wabunge 19: hao watatu wa ziada waligawiwa kwa uwiano wa majimbo, kabla ya utaratibu huu wa kura kuanza. Mwaka 2005 asilimia 2.7 za TLP hazikuvuka kizingiti, hazikuleta hata mwanamke mmoja bungeni. Kura za ubunge zinaingia pia kwenye mgao wa ruzuku ya serikali kwa vyama.

Kwa hiyo mbunge akihama, viti maalum vilivyotokana na kura zake havihami naye. Na kura za mgombea huru zitaingia fungu gani? Zikitolewa kwenye jumla, asilimia za vyama vyote zinapanda. Zikiachwa ndani, zinashuka. Hilo si jambo la kumalizia kwenye kanuni, linaamua nani anavuka asilimia 5. Ndiyo maana nasema kiti kina sehemu ya chama, upende usipende.

Mleta mada

Asante Hesabu. Hiyo ndiyo hoja yangu kwa lugha bora kuliko yangu.

Wakala Mstaafu

Usishangilie mapema. Hesabu anaeleza jinsi chama kinavyofaidika na kura za mtu, hajasema kwamba kura ni za chama.

Mwenyeji wa Temeke

Ngojeni, mbona mnaijadili sheria kama vile inafanya kazi? Tazameni Temeke yenyewe. 1996 Mrema alimshinda Abdul Cisco Mtiro wa CCM hapa. Novemba 2018 mbunge wetu wa CUF, Abdallah Mtolea, akajiuzulu, akahamia CCM, akarudi bungeni kwa kiti kilekile. Kabla yake Februari 2018 Maulid Mtulia alifanya hivyohivyo Kinondoni na Godwin Mollel kule Siha. Mwita Waitara wa Ukonga na Julius Kalanga wa Monduli wakafuata Septemba. Wimbo ulikuwa mmoja, "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli.

Angalieni mtambo unavyozunguka: mbunge anaandika barua, Spika anaiarifu Tume ya Uchaguzi kwamba kiti kiko wazi, Tume inatangaza tarehe, chama kipya kinampitisha aliyehama bila kura ya maoni ya maana, anarudi. Sheria iliyotungwa kuadhibu wahamaji ikawa utaratibu wa kuhama, tena kwa gharama ya mlipa kodi: karatasi, masanduku, polisi, posho za wasimamizi. Anayeumia ni anayehama kwenda upande usio na dola. Lazaro Nyalandu aliachia Singida Kaskazini Oktoba 2017, CCM ikarudisha jimbo Januari 2018 huku vyama vikubwa vya upinzani vimesusa.

Halafu Cecil Mwambe wa Ndanda. Februari 2020 alitangaza kuondoka CHADEMA kwenda CCM. Mei Spika akamwita aendelee na ubunge. Na wale wanawake 19 wa viti maalum waliofukuzwa na CHADEMA Novemba 2020 wakaendelea kukaa bungeni. Sasa kiti ni cha chama au si cha chama?

Ibara kwa Ibara

Kwa Mwambe kuna jambo la kalenda ambalo watu hulisahau: ndani ya miezi 12 kabla Bunge halijavunjwa hakuna uchaguzi mdogo. Kiti kikiwa wazi Februari ya mwaka wa uchaguzi kinakaa wazi. Anayehama mwaka wa mwisho hapotezi kitu zaidi ya mishahara ya miezi michache.

Na tutenganishe kuhama na kufukuzwa. David Kafulila alifukuzwa NCCR mwishoni mwa 2011, Hamad Rashid Mohamed akafukuzwa CUF mwanzoni mwa 2012. Wote walikimbilia mahakamani wakamaliza muhula wao. Anayehama ameamua mwenyewe. Anayefukuzwa anavuliwa kiti na kikao cha watu wachache ambao jimbo halikuwachagua. Mimi ningeondoa kufukuzwa kabisa kwenye sababu za kupoteza ubunge.

Mleta mada

Hapo kwenye kufukuzwa nakupa. Lakini Wakala hajagusa 2015. Kama Vunjo ilikuwa ya Mrema, ilikwenda wapi ndani ya miaka mitano?

Wakala Mstaafu

Ilikwenda kwa Mbatia kwa sababu ya mpango. UKAWA, yaani CHADEMA, CUF, NCCR na NLD, waligawana majimbo, Vunjo ikapewa NCCR. Mrema na TLP yake walikuwa nje ya mpango, hivyo kura ya upinzani iliyokuwa ikitawanyika ilikusanyika kwa mwingine. Mbatia naye si mgeni, alikuwa mbunge wa Vunjo 1995. Na tazama matokeo ya nchi nzima mwaka ule: NCCR ilipata jimbo moja tu, hilohilo. Awamu mbili mfululizo Vunjo ilimpeleka bungeni mwenye jimbo pekee la chama chake. Wapiga kura wa pale hawakuwa wanachagua TLP wala NCCR.

Hesabu za Viti

Ila bila mgawanyo wa UKAWA, ambao ni kazi ya vyama, Mbatia asingekuwa na njia nyeupe namna ile.

Wakala Mstaafu

Hilo sina jibu nalo la haraka. Labda nikipata fomu za 21B za 2010 na 2015 kata kwa kata, nione kura za CHADEMA za 2010 zilikwenda kwa nani.