Baba kaingia na bia, mama na watoto watolewe? Kanuni za nyumba ya hifadhi mtaani kwetu

Mjukuu wa Miembeni
Asalaam alaykum wana barza. Mtaani kwetu hapa Unguja mjini ipo nyumba ya hifadhi ya familia zilizokosa pa kukaa: waliounguliwa, waliobomokewa na masika, wanawake walioachwa na watoto. Vyumba sita, jiko moja, choo kimoja. Ukutani pamebandikwa kanuni: mtu mzima akikutwa amelewa, au ana kilevi chochote, familia nzima inatoka siku ile ile. Wiki iliyopita baba mmoja kaingia usiku anayumba, kopo la bia mkononi. Asubuhi mama na watoto watatu wakatolewa na virago vyao, mpaka leo wanalala kwenye baraza ya jirani. Baba mwenyewe keshapata pa kulala, yuko kwa dada yake Fuoni. Nauliza, hii ni haki?

Msimamo Mkali
Waalaykum salaam. Haki kabisa. Walitia saini, hawakutia? Nyumba ile ina watoto wa watu wengine. Ukianza kumhurumia huyu na yule, mwezi wa pili ishakuwa kijiwe. Na huyo mama alijua mumewe anakunywa, akanyamaza. Naye ana sehemu yake.

Binti Kikwajuni
Ati ana sehemu yake! Na mkeo ana sehemu gani kwenye madeni yako?

Msimamo Mkali
Madeni yangu yameingiaje hapa? Weye unanijua?

Binti Kikwajuni
Duka zima linakujua.

Kofia ya Kiua
Mie nimeshikwa na hilo neno "kilevi chochote". Yule mzee wa chumba cha nne anatafuna tambuu na tumbaku kutwa kucha. Mbona hatolewi? Au tumbaku ni mboga?

Bi Mkubwa wa Malindi
Mwanangu, tambuu usiitie kwenye uchafu wenu. Watu wameposewa kwa tambuu, wameozeshwa kwa tambuu. Jani, popoo, chokaa na katu, basi. Tumbaku anatia anayetaka. Lini umemwona mtu katafuna tambuu akampiga mkewe?

Kofia ya Kiua
Bi Mkubwa, heshima yako. Ila popoo lenyewe, hata bila ya tumbaku, watu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishalitia kwenye orodha ya vitu vinavyoleta saratani ya mdomo. Ilikuwa 2003 au 2004 kama sikosei.

Bi Mkubwa wa Malindi
Mamangu katafuna mpaka kapindukia tisini, na kilichomuua ni kuteleza uani. Waandike na uani kwenye orodha yao.

Mpemba wa Wete
Mjini mna nafasi nyie, mnagombania tambuu. Huku kwetu Pemba hili lisingetokea, mtu angeipata wapi bia? Baa hakuna.

Konda wa 505
Baa hakuna, kantini za askari je? Nimekaa Chake mie, usinifunge kamba.

Mpemba wa Wete
Kantini ya askari si ya raia.

Konda wa 505
Na raia hana shemeji askari?

Nesi Mstaafu
Mada mmeshaiacha mbali. Bia ya yule baba ndiyo kesi nyepesi. Nzito ni hii: nyumba ile ile yumo mama anayekwenda hospitali ya Kidongo Chekundu kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya jamii ya afyuni wanayopewa wanaoacha unga, yaani heroini. Mtu mmoja wa kamati keshasema kuwa na yeye "anatumia". Anatumia dawa! Muhimbili walianza kuitoa 2011, hapa kwetu 2015. Unainywa mbele ya muuguzi, unafungua mdomo akuangalie, unaondoka. Inamzuilia arosto, yale mateso ya kukosa unga, asiende kuutafuta. Kanuni ya ukutani haisemi lolote juu ya mtu kama huyu, kwa hiyo siku wakimchoka watamtoa, na karatasi itawaunga mkono.

Msimamo Mkali
Nesi, afyuni ni afyuni. Teja ni teja, apewe kete na muuza unga au apewe kikombe na serikali.

Nimetoka Soba
Nilikuwa nasoma tu nipite, lakini hili la "teja ni teja" nimeshindwa kulimeza. Mimi ni mmoja wao. Nimevuta, nimejidunga, nimelala magofuni Mji Mkongwe. Leo ni fundi umeme, mnaniachia funguo za nyumba mnakwenda harusini, na wewe Msimamo Mkali huenda ni mteja wangu. Mama yangu alinifukuza, na alikuwa na haki, maana sufuria zilikuwa zinaisha jikoni. Lakini alinifukuza mimi. Wadogo zangu walibaki ndani na wakaenda skuli asubuhi yake.

Konda wa 505
Kumbe! Sufuria la pilau la shangazi yangu tumelijua lilikokwenda.

Nimetoka Soba
Shangazi yako nilimlipa. Muulize kabla hujaandika.

Konda wa 505
Alilipwa sufuria dogo. La kwanza lilikuwa la mchele kilo kumi.

Bi Mkubwa wa Malindi
Konda, mwache mtoto wa watu. Kukaa safi kuna kazi kuliko hiyo yako ya kuning'inia mlangoni.

Niko Ughaibuni
Huku Marekani kuna utaratibu wa nyumba kwanza, ulianzia New York 1992. Mtu anapewa pa kukaa bila ya kuulizwa kama anakunywa, halafu matibabu ndiyo yanamfuata. Tafiti zimeonesha wengi wanabaki kwenye nyumba zao. Kwa nini hamuigi?

Bi Mkubwa wa Malindi
Huko kwenu nyumba za kugawa zipo.

Nesi Mstaafu
Tena ule uliwekwa kwa mtu mzima aliye peke yake, mwenye maradhi ya akili, kila mtu na fleti yake na ufunguo wake. Hapa watoto wote wanapishana mlango mmoja wa choo. Mimi mwenyewe pombe ndani siitaki, na atakayekutwa na unga atoke. Ila atoke yeye. Na huko kutoka mkutazame. Mlevi wa kila siku ukimkatisha pombe ghafla anaweza kupata degedege akafa. Wa unga atatapika na kulia, lakini kwa kawaida arosto yenyewe haimuui. Huyo wa pombe ndiye wa kumkimbiza hospitali, na ndiye mnayemwambia nenda zako kalale.

Niko Ughaibuni
"Huko kwenu"? Bi Mkubwa, mimi nimezaliwa Mkunazini. Umeme wa hiyo nyumba mnayoijadili natuma hela mimi na wenzangu, kila mwezi. Leo nimekuwa mgeni?

Bi Mkubwa wa Malindi
Hela tumezipata, Mungu akuzidishie. Ila ukija likizo unafikia hotelini.

Katibu Asiyelipwa
Mimi ni wa kamati, naomba mtusikilize na sisi. Kanuni hatukuiweka kwa ubaya. Mwanzo tulikuwa tunamtoa mlevi peke yake, usiku mkewe anamfungulia mlango wa nyuma, fujo inaanza upya na majirani wanakwenda kwa sheha. Ijumaa tuna kikao. Lipo pendekezo la kununua vipimo vya mkojo, kila mtu mzima apimwe kila wiki, maneno yaishe.

Nesi Mstaafu
Vipimo gani, Katibu? Kijiti cha kawaida cha afyuni methadoni hakiioni, ina kijiti chake. Lakini kodeini ya dawa ya kikohozi kinaiona. Utamtoa mwenye kifua umbakishe unayemwinda. Na bia ya juzi haitakuwemo kabisa.

Katibu Asiyelipwa
Pombe tutanusa.

Konda wa 505
Mnusaji nani?

Kofia ya Kiua
Msimamo Mkali apewe posho.

Binti Kikwajuni
Katibu, wake wanafungua mlango wa nyuma kwa sababu wanajua asubuhi watatolewa wote, basi bora kumficha. Kiandikeni chumba kwa jina la mama. Baba akilewa, atoke baba, na mama aambiwe wazi kuwa hata kama mlango aliufungua, akisema kweli hatapoteza chumba.

Msimamo Mkali
Yaani mwanamme atolewe kwake, mke abaki anatamba? Hiyo mmeitoa wapi?

Binti Kikwajuni
Kwake wapi, nyumba ya msaada ile! Na kama unataka dini, soma Suratut Talaq aya ya kwanza. Hata mke aliyeachwa, wameambiwa wasimtoe nyumbani mpaka eda iishe. Huyu hajaachwa, hajanywa, katolewa.

Msimamo Mkali
Aya hiyo ni ya talaka. Usichanganye.

Mpemba wa Wete
Basi wanaume wasipokewe kabisa, iwe ya wanawake na watoto.

Nimetoka Soba
Na baba aliyeunguliwa nyumba, hajawahi kugusa hata sigara, alale wapi? Mbali na wanawe?

Mpemba wa Wete
Msikitini.

Mjukuu wa Miembeni
Jamani, nilimuulizia mama mmoja na watoto wake watatu. Jana usiku mvua ilipiga na baraza haina paa la maana.

Kofia ya Kiua
Wanaume wasipokewe, halafu fundi wa bomba aingie nani?

Binti Kikwajuni
Katibu, hicho kikao saa ngapi?

Katibu Asiyelipwa
Ijumaa baada ya Isha, barazani kwa mwenyekiti.

Binti Kikwajuni
Na akina mama wa vile vyumba mmewaita?

Katibu Asiyelipwa
Watapelekewa taarifa ya maamuzi.

Binti Kikwajuni
Basi nakuja nao wote, na yule wa barazani mbele. Tutandikieni mkeka.

Katibu Asiyelipwa
Karibuni. Ila mjue ajenda ya kwanza ni bili ya umeme, hili ni la tatu.

Konda wa 505
La pili?

Katibu Asiyelipwa
Paka wa chumba cha pili.