Akiki ya Kirumi isiyo na karatasi au jiwe la Poniatowski: lipi ninunue?

MuhuriWaNta
Wakuu, nimekwama njia panda. Mwaka huu nina hela ya jiwe moja tu, na nimetengewa matatu.

La kwanza ni akiki nyekundu ya Kirumi, imechongwa kwa kuzamisha, yaani intalio: mpanda farasi ameinua mkuki. Mkono uliochonga ulikuwa fundi kwelikweli. Nilipouliza limetoka wapi, nikajibiwa "mkusanyo wa zamani wa Ulaya". Basi.

La pili ni moja ya mawe ya Mwanamfalme Stanislas Poniatowski: Achilles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, anaburuta maiti ya Hector, na pembeni kuna sahihi ya Kigiriki ambayo kila mtu anajua ni ya kughushi. Lina namba ya katalogi, na chapa yake ya plasta, yaani alama ya jiwe iliyogandamizwa, ipo.

La tatu ni kameo ya kombe, yaani sura iliyochongwa ikainuka juu ya gamba, karne ya 19, kwenye fremu ya dhahabu.

Moyo wangu uko kwa farasi. Nishaurini.

Lenzi10
La tatu weka kando kama unakusanya mawe. Ligeuze uone: kombe huwa limebonyea kwa nyuma, na ukilielekeza kwenye taa, mwanga unapenya. Zuri la kuvaa. Ila zilichongwa kwa wingi mno, hasa Torre del Greco kule Italia, kwa hiyo kumtafuta mmiliki wa mwanzo ni kujichosha bure.

BabaPlasta
Chukua la pili. Ndiyo, ni feki, lakini ni feki yenye kitambulisho. Poniatowski alikuwa na mawe zaidi ya 2,500 yaliyodaiwa kuwa ya kale, kumbe mengi yalichongwa na mafundi wa zama zake. Alifariki 1833, mawe yakapigwa mnada na Christie's huko London mwaka 1839, na bei zikawa za aibu kwa sababu minong'ono ilikuwa imeshaenea. John Tyrrell alinunua kama 1,200 hivi, akatoa na seti za chapa za plasta. Leo watafiti wa Oxford wanayafuatilia moja moja. Utajua jiwe lako lilikuwa wapi kabla hujazaliwa.

Akiki_Tu
Mimi sikubali. Hapo ananunua karatasi, si jiwe. Mawe ya pete ya Kirumi mengi hayajawahi kuwa na karatasi yoyote, na mengine yalikuwa nazo zikapotea. Angalieni mkusanyo wa mawe wa Duke wa Marlborough, mkabaila wa Uingereza: 1899 uliuzwa kipande kwa kipande, ukasambaa dunia nzima. Huyo farasi anaweza kuwa mmoja wao.

BabaPlasta
Anaweza. Basi athibitishwe, maana ule mkusanyo ulikuwa na katalogi tangu 1870.

Ngoja niwape yangu. Niliuziwa akiki kwa maneno hayohayo, "mkusanyo wa zamani". Nikapekua picha za chapa za plasta wiki nzima, hakuna iliyofanana. Halafu nikajicheka: intalio ikigandamizwa hugeuka kama kwenye kioo! Nikaligandamiza kwenye nta, sura iliyotazama kushoto ikatazama kulia, na palepale nikaiona chapa yenyewe. Hadi kibanzi kilichomegeka ukingoni nyuma ya kisogo. Furaha ikaishia hapo, kwa sababu jiwe la chapa ile liko kwenye jumba la makumbusho.

Usiku sikulala. Asubuhi nikapima: langu dogo kwa karibu nusu milimita. Nikaweka lenzi, nikaona viputo vya hewa. Na kile kibanzi kwangu kilikuwa na kingo laini, kimetoka kwenye kalibu, hakikuvunjika. Ni kioo kilichomiminwa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutapeliwa.

Lenzi10
Mwenye kudhani BabaPlasta anatia chumvi akumbuke British Museum, 2023. Vitu kama 2,000 viliibwa, vikapotea au kuharibiwa, mawe ya kuchonga yakiwemo, na vingi havikuwa vimeorodheshwa ipasavyo. Aliyeshtuka ni muuza mambo ya kale wa Denmark, aliyeviona vikiuzwa mtandaoni.

MuhuriWaNta, mwombe muuzaji vitu viwili: chapa ya nta, na ushahidi wa nani alikuwa nalo kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Risiti, barua, hata picha ya zamani ya pete kidoleni.

Akiki_Tu
Hilo la 1970 sibishi. Akikupa hata kimoja, chukua farasi.

MuhuriWaNta
Nimemwandikia jana. Amejibu saa hii: kuna mteja mwingine anayesubiri, niamue leo.

Akiki_Tu
Mwachie huyo mteja.

BabaPlasta
Hilo la Achilles ni namba ngapi?